Sauti Yangu Juu ya Gitaa Lako

Baba,

Simu ilirekodi. Ilirekodi onyesho lenu lote, tangu Mzee Masanja alipogonga vijiti vyake vya ngoma mpaka watu walipoanza kubeba viti. Nilikuambia haikurekodi, ukaniamini. Ukweli huu sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, hata padri kwenye kitubio. Nakuambia leo, wakati huwezi tena kunijibu.

Shikamoo. Ningeanza na shikamoo, lakini niliogopa kwamba nikianza na adabu nitaishia kwenye adabu tu.

Ni Jumapili mchana. Mama yuko jumuiya. Nimekaa kwenye meza yako, pale ulipokuwa unatengenezea redio za majirani wa Ngokolo nzima. Geti likilia naifunika karatasi hii kwa kitabu cha Kemia. Nimeshaifunika kwa ajili ya upepo, na kwa ajili ya mbuzi wa Mama Doto.

Hapa nyumbani mambo yamebadilika kidogo kidogo. Mwenzako wa kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu kule Nyarugusu alituletea buti zako na kofia yako, bado zina unga wa mawe. Mama hazifuti. Usiku analala upande wako wa kitanda. Kuku wamehamia kwenye boksi la spika kwa sababu hakuna wa kuwafukuza kwa matusi ya Kisukuma.

Jana alikuja Mzee Masanja. Akakaa kwenye kiti chako bila kujua, Mama akamletea chai hapo hapo. Akasema, "Shemeji, siku ya kujengea kaburi tunataka watu wamsikie. Sisi tuliobaki, bila solo lake, ni kelele tu za wazee. Siku ile hakuna aliyerekodi?"

Mama akasema, "Kabula alikuwa na simu, ila iligoma."

Niliangalia miguu yangu. Mzee alipoondoka, Mama alikuwa anaosha vikombe. Hakugeuka. Akaniuliza taratibu, "Hata kidogo, Kabula? Hata akikohoa tu?"

Nikasema hapana, Mama. Hata hapo, Baba, nikasema hapana.

Na unajua kwamba Mama hakuwahi kukusikia. Mlipooana, bendi yenu ya Vumbi la Pamba ilishakufa zamani, gitaa lilishauzwa, wewe uko machimboni. Yeye amekujua ukipiga solo kwenye mpini wa jembe na kwenye ukingo wa meza, ugali unapoa, anakuambia, "Baba Kabula, kula kwanza, hilo jembe halitaimba." Siku bendi iliporudi jukwaani alikuwa Chato kwa Mama Mdogo aliyejifungua. Alisema atasikia kwenye simu yangu.

Watu hawaamini nikisema Shinyanga iliwahi kuwa na bendi ya roki ya vijana wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Wewe ulinieleza mlivyoichana spika kwa wembe ili gitaa likwaruze, meneja akadhani imeharibika akawakata mshahara. Ulinishika kiganja ukakibandika kwenye boksi ukasema, "Besi haisikilizwi kwa sikio." Na asubuhi ile ya onyesho ulinipa kazi: "Ng'wanawane, mwanangu, kaa karibu na spika ya kushoto. Mkono usitingishike. Na usiongee, simu inasikia kwanza mdomo ulio karibu."

Nilikaa pale uliponiambia. Ila Rehema wa darasani kwetu naye akaja na wenzake, wakasimama na mimi. Shuleni, ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni. Rehema hajawahi kukivaa, na hata uwanjani, jua kali, watu wanauza karanga, yeye ni Kiingereza tu. Nilikuwa nimefurahi kwamba amesimama na mimi. Hilo nalo nilione hapa kwenye karatasi: nilikuwa nimefurahi.

Ukatoka. Suruali ile pana, shati umechomekea mpaka kifuani, nywele umezipaka piko na weusi umebaki kwenye sikio. Mzee Masanja akaanza wimbo kabla ya wenzake. Mwimbaji akasahau ubeti wa pili, wazee wa mbele wakamwimbia wote. Kuna mama anasikika kabisa akifoka, "We baba, kaa chini, tunaona mgongo wako tu!" Kuna mlevi anasema, "Hapo hapo, mzee, usitoke hapo!" Na wewe hukutoka hapo, Baba. Ulipiga kitu ambacho hakifanani na mpini wa jembe hata kidogo. Ulimi umeutoa nje, kama unavyofanya ukitia uzi kwenye sindano.

Rehema akasema, mtazameni babu wa solo, mtazameni ulimi. Wakacheka. Na mimi nikacheka. Kwenye rekodi kicheko changu ndicho kikubwa kuliko vyote. Wewe ulishanionya kwa nini.

Halafu ukashika kipaza sauti. Ukasema, "Wimbo huu nilimtungia mama yake Kabula. Sikuwa na gitaa wakati huo, nilikuwa na yeye tu. Leo hayupo, ila mwanangu yupo. Kabula, uko wapi? Punga mkono watu wakuone."

Rehema akanigeukia, akaniuliza kama ni mimi.

Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba akina Kabula ni wengi mjini hapa.

Mimi, Baba. Mimi ambaye darasani nikiulizwa nanong'ona mpaka mwalimu anatupa chaki. Siku ile sauti ilitoka safi kama ya mtangazaji, hakuna kosa hata moja. Kiingereza ulichonisomeshea kwa kuvuta vumbi la karasha ndicho nilichokukania.

Ukaita tena. Ukaweka kiganja juu ya macho kuzuia jua, ukatafuta, ukatazama mpaka upande wetu. Halafu ukacheka: "Basi, ana haya huyu, kama mama yake." Watu wakacheka nawe kwa upendo, ukaanza kupiga.

Haya ninayo, Mungu anajua. Lakini ile haikuwa haya. Nilikuonea aibu wewe, mzee kuliko baba za wenzangu, mbele ya msichana ambaye hata msibani hakuja.

Jioni ulivuta kiti ukasema, "Haya, lete tusikilize." Nikasema iligoma. Ulikijua Kiingereza cha nyimbo, ungeelewa. Ukaichukua simu ukapuliza tundu la chaji, kama unavyopuliza redio. Hukunikasirikia. "Si kitu. Tutapiga tena Pasaka."

Ukarudi Nyarugusu. Pasaka ilikukuta makaburini.

Nimejaribu kukata kile kipande. Nimekaa na simu siku nyingi, najifungia chooni na spika za masikioni. Haikatiki. Maneno yangu yamekaa juu ya maneno yako, pale pale unapomtaja Mama. Nikijitoa mimi, na Mama anatoka, wimbo unaanza bila mwenyewe.

Jana usiku nikawaza kitu kingine, na kikanipa furaha mbaya. Mama Kiingereza chake ni cha salamu. Naweza kumwekea yote, kuanzia mwanzo. Akiuliza hapo nilisema nini, namwambia nilisema, "Yule ni baba yangu." Angelia kwa raha. Angewaambia na jumuiya. Nililala nimeshapanga hata sura nitakayoweka.

Asubuhi kanisani akanishika mkono wakati wa amani, akanikazia zaidi kidogo kuliko siku zote, kama mtu anayeomba msamaha kwa kuniuliza jana. Ananionea huruma, Baba. Anadhani ninaumia kwa sababu simu iligoma. Nikajua siwezi. Uongo ule ungemfanya Mama anishukuru, na kila akinishukuru ningekuwa nakukana upya.

Kwa hiyo nakuahidi. Nitamwekea tangu vijiti vya Mzee Masanja. Sitaruka. Tukifika pale nitasimamisha, nitamtafsiria nilichosema, neno kwa neno, hata akiondoa mkono wake kwangu. Halafu nitamwachia wimbo wake mpaka mwisho. Na kama akitaka usikike siku ya kujengea kaburi, usikike wote, na mimi nikiwemo, na Rehema akiwepo.

Nisamehe. Au ngoja kwanza, usinisamehe mpaka nimalize.

Geti limelia. Ni kandambili za Mama, anaburuta ile ya kushoto. Anauliza kutoka uani kama nimekula. Nimeitikia ndiyo, na sijala, ona, hata sasa. Anakuja huku.

Kitabu cha Kemia nimekisukuma upande ule wa meza. Nimewasha simu, nimeiweka juu ya karatasi, mwandiko wote unaonekana.

Lala, Baba. Ulipiga vizuri sana. Nilitakiwa kukuambia siku ile ile.

Anashika kitasa. Sifuniki. Kiswahili Mama anakisoma vizuri.

Mwanao,
Kabula