Nilikwangua Nta Kwenye Magogo ya Marehemu Baba

Mshauri wetu, salaam nyingi, na pole kwa kazi ya kusoma matatizo ya watu usiowajua. Nimekuwa nikisoma majibu yako tangu nikiwa shuleni, na kusema kweli nilikuwa nikicheka, nikisema hawa wanaokuandikia hawana ndugu wa kuwauliza, na leo nimekaa na kalamu kama wao. Naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi ya nilivyokwisha kuharibu, na ukichapisha tafadhali ubadilishe majina.

Mimi ni mtu wa hapa Tabora, nafanya kazi ya reli katika kituo cha Tura. Baba yetu, mzee Sulemani, alifariki mwezi wa saba pale hospitali ya Kitete baada ya kuugua kifua muda mrefu. Alikuwa mkerezaji. Kwa wasioijua kazi hiyo, uani kwetu kuna kerezo, yaani mtambo wa kuzungushia mti ili patasi iuchonge mviringo, na kazi yake ni ya watu wawili, mmoja anashika patasi na mwingine anavuta mkanda wa ngozi ili mti uzunguke. Baba alishika patasi na mama ndiye aliyevuta mkanda, miaka yote ya ndoa yao, na hapo ndipo yalipotoka matendegu ya vitanda vya nusu ya maharusi wa mji huu. Babu zetu walipita njia ile ya zamani ya misafara na pembe za ndovu, baba yeye alikwenda njia hiyohiyo na punda wake akitafuta magogo ya mpingo na mninga, akarudi nayo, akayalundika kwenye banda, na hakuruhusu mtu ayaguse.

Sasa mama yuko kwenye eda, hatoki chumbani, na mimi nikiwa mtoto wa kiume pekee nikaona ni wajibu wangu kushughulikia vitu vya baba wakati niko likizo, kwa sababu mimi siwezi kukereza hata mpini wa jembe, na kerezo likikaa bure litaliwa na kutu, na wakati huu ambapo watu wanahamia vijijini mafundi wanahitaji vifaa. Akatokea Ndugu Limbu, mwenyekiti wa kijiji kipya cha ujamaa huko upande wa Tura, wanataka kuanzisha karakana ya useremala, akalizunguka kerezo na kulisifu, tukakubaliana nimwuzie. Kisha akatazama lile lundo la magogo bandani, akauliza, "Na hizi kuni nazo unauza?"

Mshauri, neno hilo liliniuma sana. Nilimwambia arudi siku nyingine nitamwonyesha kama ni kuni. Lakini alipoondoka nikatazama mwenyewe, na kweli sikuweza kutofautisha mpingo na mti wa kawaida, kwa sababu kila gogo lilikuwa limepakwa nta ya nyuki kwenye vichwa vyake, huku na huku, na ile nta ilikuwa imegandamana na vumbi la miaka, na mimi nikajiuliza, nitapangaje bei ya kitu nisichokijua? Kwa hiyo nikachukua kisu nikakwangua nta yote, nikayasugua magogo kwa sabuni na maji, nikayapanga uani juani yakauke ili rangi ionekane, na ile nta, ambayo ilijaa debe, nikaipeleka sokoni kwa wanunuzi wa asali, na hela yake ikaishia kwenye sukari ya hitima ya arobaini. Nilijiona mtu mwenye akili sana siku hiyo.

Kesho yake mchana tukiwa tunakula nikasikia mlio uani, ta! kama fimbo kavu imevunjwa. Baada ya muda nikasikia mwingine. Nikatoka mbio nikakuta magogo yanapasuka, ufa unaanzia kichwani na kuingia ndani. Nikayarudisha bandani haraka, lakini hata humo kivulini hayakunyamaza. Na mama akaniita kupitia mlangoni, "Mwanangu, nini hicho kinachopasuka uani?" Nikajibu bila kufikiri, "Bati hilo, mama, jua kali." Akasema, "Haya." Siku ya pili yake akauliza tena, "Bati bado linalia?" Nikasema bado. Juzi kulikuwa na mawingu mchana kutwa, hakuna jua hata kidogo, gogo moja likalia mlio mkubwa kuliko yote, akaniuliza, "Hilo nalo ni bati?" Nikasema ndiyo mama, ni bati. Nikasikia aibu mpaka masikioni.

Lakini baya zaidi bado. Siku ileile ya kukwangua, kwenye dari ya banda nilikuta magogo manne yamefungwa pamoja kwenye gunia lao peke yao. Mimi nikaona vilivyofichwa ndivyo vyenye thamani, nikayafungua nayo nikayakwangua. Mdogo wangu Tufaha, ambaye posa yake ilikwisha kujibiwa na ndoa inangoja eda ya mama iishe, alikuja kuniletea chai akayaona sakafuni, mawili yakiwa yamepasuka mpaka katikati. Akaweka kikombe chini. Akasema, "Kaka, hayo ni matendegu yangu." Ndiyo akanieleza kwamba baba aliukata ule mpingo alipozaliwa yeye, ukakauka polepole kwenye nta muda wote huo ili usipasuke, na kila mwaka mama aliyeyusha nta na kuupaka upya, na baba alikuwa anangoja posa tu aanze kazi, posa ikaja naye yuko kitandani Kitete. Nimemwomba asimwambie mama, amekubali, lakini tangu siku hiyo ananiamkia shikamoo huku anatazama ukuta.

Naona uchungu ambao siwezi kuueleza. Baba alifanya kila kitu, akabakisha kukereza tu, nami nimekuja na kisu na sabuni. Na mama masikini hajui, jana amemtuma Tufaha amletee chumbani ile sufuria yake ya zamani ya kuyeyushia nta, nadhani anataka kukaa nayo kama ukumbusho wa marehemu, na nilipoiona inapita nilitaka ardhi inimeze.

Sasa Ndugu Limbu amesema trekta la kijiji litakuja kabla ya mvua za kwanza, na eda ya mama itaisha baada ya hapo. Nimefikiria niache trekta libebe vyote, kerezo na magogo yaliyopasuka na yasiyopasuka, ili mama atakapotoka akute banda tupu, nami nimwambie baba aliviuza mwenyewe alipokuwa mgonjwa. Au nimwambie ukweli, lakini naogopa kumwongezea majonzi mtu aliyefiwa na mumewe, na tena yuko eda, nadhani hata si ruhusa kumsumbua na mambo ya mali. Nishauri, maana likizo inakwisha na usingizi sipati.

Ni mimi mwenye majuto,
Tabora.

JIBU

Pole na msiba, ndugu yangu. Ipokee vizuri pole hiyo, maana nyingine sina. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, na jibu hili nimekutumia pia kwa posta ili lisikukute umekwisha kupakia trekta.

Tuanze na hilo la eda, kwa sababu naona ndiko ulikojificha. Mimi ni Mkatoliki, mambo hayo siyajui vya kutosha, kwa hiyo nilimsomea barua yako jirani yangu Bi Tatu, ambaye amekaa eda mara mbili kwa waume wawili. Alinikatiza kabla sijafika mwisho. Alisema, "Mwambie huyo kijana, eda inamzuia mama yake na wanaume wa barabarani. Mtoto aliyemzaa mwenyewe anamzuia nini?" Akaongeza kwamba mama yako ana fungu lake katika mali hiyo, na Tufaha ana lake, na wewe ulianza kuuza kabla hamjakaa kugawana. Hata ile nta. Bi Tatu aliuma meno alipofika kwenye nta.

Mimi la sheria nawaachia wanaolijua. Langu ni hili. Ulihangaika na kisu na sabuni kutafuta thamani ya magogo, na hatua chache kutoka hapo, nyuma ya mlango, amekaa mtu anayejua kila gogo lilikatwa wapi na limekauka kiasi gani. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba kazi ya kerezo ni ya watu wawili. Kisha ukaandika "vitu vya baba" kutoka mwanzo wa barua mpaka mwisho. Mkanda alivuta nani? Nta alipaka nani? Fundi mmoja wa ule mtambo amekufa, Mungu amrehemu. Wa pili yu hai, na hukumwuliza neno.

Usiniambie ulikuwa unamwonea huruma. Ulikuwa na haraka ya kurudi Tura, na ulichomwa na neno la Ndugu Limbu ukataka kumwonyesha. Watu wengi huharibu vitu namna hiyohiyo, hasa tukiwa na msiba, mikono inatafuta kazi ili moyo upate kutulia. Nilipomzika baba yangu mimi nilifua mapazia ya nyumba nzima, na mawili yalichanika. Nakuelewa, ila siwezi kukusifu.

Hilo la kumsingizia marehemu kwamba aliuza mwenyewe, lifute kabisa. Mzee aliyetunza magogo ya matendegu tangu bintiye yuko kwenye nepi hawezi kuyauza akiwa anaumwa, na hakuna mtu katika nyumba yenu atakayeliamini. Utakuwa umempoteza mama na dada kwa mkupuo mmoja.

Basi fanya hivi, na uanze leo. Magogo yasikae juani wala penye upepo, yainue kutoka sakafuni, yafunike kwa magunia. Mtume mtu kwa Ndugu Limbu umwambie ukweli, kwamba uliahidi kabla ya kuwauliza wenzako, trekta lisubiri. Atanung'unika, lakini ni mwenyekiti wa kijiji, amezoea kusubiri. Kisha mtafute fundi mwingine. Najua yuko mkerezaji mmoja Mkristo huko Itetemia, tumwite Wenceslaus, na nina hakika mji wenu una wengine waliomfahamu marehemu. Aje ayatazame yale manne. Mawili mazima yanaweza kuwa matendegu ya upande wa kichwani, na ya miguuni akayakereza kwa mninga ikiwa upo uliosalimika. Kitanda hakitakuwa kile alichokusudia baba yenu. Hilo nakuambia wazi, usije ukamdanganya Tufaha kwamba kitakuwa kilekile. Lililopasuka limepasuka, na utaliona kila utakapokwenda kumtembelea dada yako kwake. Lakini atalala juu ya mti wa baba yake, hata kama ni nusu yake tu, na mwombe radhi ukimtazama usoni, siyo kupitia kikombe cha chai.

Kuuza kerezo si dhambi. Wewe huwezi kukereza, na kijiji kikilipata vijana watajifunza kazi, jambo zuri. Lakini mkishakubaliana wote watatu. Na kama mama yenu atakubali, mwombe Ndugu Limbu kwamba kazi ya kwanza ya kerezo, kabla halijapanda trekta, iwe matendegu ya Tufaha, hapohapo uani kwenu. Fundi ashike patasi. Mkanda uvute wewe. Mama atakuelekeza kupitia dirishani kama eda itakuwa haijaisha.

Nimeliacha la mwisho kwa sababu lilinifanya niiweke barua yako chini. Unasema mama masikini hajui. Ndugu yangu, mama yako amelala chini ya bati hilo tangu alipoolewa. Anajua linavyolia, na anajua kwamba halilii siku ya mawingu. Sauti ya mpingo unaopasuka anaijua pia, maana maisha yake yote amepaka nta ili asiisikie. Alijua siku ya kwanza. Alikuuliza mara tatu, na hakuwa anauliza habari za bati. Ulipokataa kumwambia, ameomba sufuria ya kuyeyushia nta, nawe ukadhani ni ukumbusho. Anataka kuyaokoa yaliyobaki, na hana nta kwa sababu uliiuza.

Sufuria anayo tayari. Nenda sokoni ukainunue nta, hata kama ni kwa bei ya kukuumiza, umpelekee mwenyewe mkononi. Na akikuuliza tena nini kinapasuka uani, safari hii mjibu.