Nduru Niliyoisikia Nikiwa Juu

Nyamasaria,
Kisumu.
21 Agosti 1988

Mpendwa Mama Mdogo Perez,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu. Habari za Musoma, na magoti yako yanaendeleaje? Mara ya mwisho uliandika kwamba yanakusumbua ukipanda ngazi za kanisa, nami natumaini yametulia. Baba Mdogo na watoto je? Mimi mwili ni mzima, hata mkwaruzo wa kiwiko umeshakauka. Kichwa changu ndicho nisichokielewa.

Mama naye ni mzima. Nalisema mapema usije ukashtuka, maana kule nyumbani Kisian kumeliliwa msiba na hakuna aliyekufa.

Unajua bado nashona. Mwaka huu klabu moja ya watu wanaoruka kutoka kwenye ndege kwa miamvuli ilianza kuniletea ovaroli zao nizitie viraka. Mwalimu wao, Bwana Simiyu, mwanajeshi mstaafu mwenye sauti ya chini, aliniambia kwamba anayeshona ovaroli aje siku moja avae moja. Nilicheka. Jumamosi iliyofuata nikaenda.

Nilifundishwa kuruka kutoka juu ya meza, magoti pamoja, kisha kubingirika kwenye nyasi. Kageha, rafiki yangu ninayekaa naye hapa Nyamasaria, alikuja kutazama akasema nimeacha cherehani nikawa gunia la viazi. Mama sikumwambia. Nilitaka kumwambia nikiwa nimeshafika chini.

Basi Jumamosi moja mwezi uliopita tukapanda kindege ambacho mlango wake umeng'olewa. Kamba ya mwavuli hufungwa humo ndani, nawe ukitoka inauvuta ufunguke wenyewe, kwa hiyo kazi yako ni kutoka tu. Hiyo kazi moja ndiyo iliyonishinda. Bwana Simiyu alinigusa begani, nikashikilia chuma. Akanigusa tena. Ndege nayo haisimami kungoja mtu aamue, ikazidi kwenda upande wa Kisian. Sijui kama niliruka, au niliteleza, au ni mkono uliochoka. Bwana Simiyu anasema niliruka vizuri. Nilitakiwa kuhesabu kwa sauti, nikajikuta naomba samahani, wala sijui nilikuwa namwomba nani.

Kisha mwavuli ukafunguka na kukawa kimya. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mtu akiwa huko juu husikia mambo ya chini. Nilisikia mbwa, nikasikia mtu anapasua kuni, ziwa likiwa limetulia kushoto kwangu. Halafu nikasikia nduru. Mwanamke mmoja alianza, wengine wakadakia, ikapita boma hadi boma. Niliwahurumia sana. Nikasema peke yangu, poleni wenye msiba, nikajiuliza ni mgonjwa gani wa kule kwetu ameondoka.

Mama Mdogo, aliyekuwa analiliwa ni mimi. Mama alikuwa anaanika mtama uani, akaona mtu anaanguka kutoka mbinguni. Hakujua ni nani, wala mwavuli wa namna ile hakuwahi kuuona. Alimlilia mtoto wa watu, kwa vile kwetu maiti haachwi aende kimya, na akina mama wote wakaitikia. Mimi nikashukia kwenye mihogo ya jirani yetu Absalom, nikavua kofia, na Mama ndiye aliyefika wa kwanza. Alipoona uso wangu alikaa chini palepale kwenye udongo. Nami nilikuwa nacheka, Mungu anisamehe, meno yote nje, na sikuweza kuacha.

Nilidhani tutaenda kunywa chai. Kumbe aliyeliliwa akiwa hai haingii nyumbani mpaka ale kuku aliyepikwa na mwanamke wa ukoo ambaye hakumlilia. Mama anasema ndivyo mama yenu alivyowafundisha. Tukaanza kutafuta. Adero, mke wa kaka, alilia. Shangazi Benta hakuona kitu, alikuwa jikoni, lakini aliitikia tu. Nyanya, mama yake Baba, hasikii vizuri, naye alilia kwa kuwaona wenzake. Mchungaji alikuja kusema niingie, hakuna neno, na Mama, ambaye kanisani huketi mstari wa mbele, alimwitikia amina kisha akafunga mlango.

Kwa hiyo nimekuwa mgeni kwetu. Sijui nimkasirikie Mama au nimwonee huruma. Halafu kuna jambo lingine ambalo naona aibu kuliandika, kwamba Bwana Simiyu ananiuliza nitarudi lini, na moyo wangu unataka. Nawezaje kutaka kitu ambacho sijui hata kama nilikifanya?

Jumapili iliyopita nilienda nikasimama nje ya ua kama kawaida. Safari hii Mama alitoka, akasimama upande wake.

"Nyathina, mwanangu," aliniambia, "ile siku, huko juu, wewe ulisikia mimi?"

"Nilisikia nduru, Mama. Sikujua ni wewe."

"Ukafanya nini?"

"Nikasema pole kwa wenye msiba."

Alifunga leso yake upya kiunoni. "Haya," akasema. "Hiyo pole imefika. Ilikuwa yangu."

Akarudi ndani. Mimi nikabaki pale nikilia, Mama Mdogo, mpaka nikaingiwa na hofu kwamba sasa najililia mwenyewe, na sijui hiyo nayo inahitaji kuku gani.

Ndiyo maana nakuandikia. Katika ukoo wote umebaki wewe tu ambaye hukulia; njoo unipikie. Tafadhali usimlilie mtu ukisoma barua hii, hata kidogo. Kuku ameshafungwa mguu chini ya ghala, na Mama anamlisha kwa mkono wake kila asubuhi. Habari ya kuruka tena nitakuuliza ukishakaa na kupumzika. Kwanza nataka kulala kwetu.

Nisalimie Baba Mdogo, Gordon na wote wa nyumba hiyo. Kageha pia anakusalimu. Mungu akushike mkono njiani, na magoti yako yakufikishe salama.

Mwanao akupendaye, tena aliye hai,

Selpha Anyango