Uso wa Gati

Zahanati ya Kijiji,
S.L.P. Mugumu.
8 Agosti 1976

Kwa dada yangu Waisiko,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Nyakunguru, wewe na shemeji Heche na wadogo, na kwamba ule mguu umeacha kukusumbua. Mimi mwili hauna neno, ila nimechoka, uchovu ambao hata nikilala hauondoki.

Kazi ni ileile. Asubuhi shamba la pamba la kijiji, halafu zahanati, halafu mkutano ambao hauishi. Tangu tuhamishiwe kwenye hizi nyumba za mstari, kila mtu anaona mlango wa mwenzake, na wote wanaujua wangu. Anayeumwa jino anakuja, anayegombana na mumewe naye anakuja.

Jibu lako nimelisoma mara tatu. Umesema mwanao Gati asikanyage kwako mpaka aje na wazee wa kumwombea msamaha, kwa sababu aliharibu uso kwa mikono yake mwenyewe wakati wakwe wako njiani. Ndiyo maana naandika tena, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamwita shemeji.

Zile chunusi zilimwanza mwaka jana, alipokuwa ameshazoea kufundisha kisomo cha watu wazima hapa. Mwanzoni zilikuwa ndogo, zenye vichwa vyeusi puani na vyeupe kwenye paji la uso. Hizo nilimpa sabuni na maji, nikamwambia avumilie, na zilikuwa zinapungua. Ndipo ukaniandikia kwamba watu wa mzee Nyangwine wanakuja kumwona, ukaleta kibuyu cha samli apakwe usoni kutwa mara mbili, ang'ae, kama mama alivyotupaka sisi. Daktari aliyetufundisha Mugumu alisema mafuta mazito huziba vitundu vya ngozi. Nilijua hilo, dada, nikanyamaza, maana wewe ni mkubwa wangu na sikutaka uone nimesoma sana.

Baada ya wiki mbili zikawa nyekundu, nyingine zina usaha. Shavu la kushoto likaota mabonge mawili ya ndani, magumu kama punje za mahindi, yanauma hata akicheka. Kijiji kikaanza kusema. Esta wa nyumba ya tatu aliuliza kisimani kama huo si ukoma, na wengine wakacheka kwamba mganga gani huyu, uso wa mtoto wa nyumbani kwake umemshinda. Nilikuwa nimebeba ndoo kichwani, nikaendelea kutembea kama sikusikia. Nilisikia, na niliona aibu sana.

Wageni walikuja ule uso umevimba, shavu limefunikwa bandeji. Mzee Nyangwine aliuliza mara moja tu ni ugonjwa gani. Nilimweleza kwamba ni chunusi, haziambukizi. Alisema amesikia. Lakini waliondoka bila kugusa chakula, na habari za ng'ombe hazijatajwa tena mpaka leo.

Nikakuandikia kwamba Gati alizitumbua mwenyewe kwa ukaidi. Dada, huo ulikuwa uongo. Ni mimi.

Siku moja kabla ya wageni nilimwita zahanati mchana, nikafunga mlango, nikachemsha sindano. Alinikumbusha kwamba mimi mwenyewe nilimkataza kugusa yale mabonge, kwamba yakiminywa yanapasukia ndani na kuacha shimo. Nilimwambia anyamaze, mimi ndiye niliyesomea. Nikachoma, nikaminya kwa nguvu zangu zote. Sikuwa namtibu. Nilikuwa nataka Esta afunge mdomo. Gati alishika miguu ya kiti na hakutoa sauti, machozi yalikuwa yanamtoka tu.

Madoa meusi yameanza kufifia, yatakwisha. Mashimo mawili ya shavuni hayatakwisha, nisikudanganye tena. Kisomo amekiacha, anasema wanafunzi wanamtazama shavu badala ya ubao.

Barua yako ilipofika nilimwambia nitakueleza ukweli. Alikataa. Alisema yeye ni mtoto wako, ipo siku utamsamehe, lakini ukinichukia mimi hutakuwa na ndugu mwingine aliyebaki. Nikaukubali huo wema wake kwa wiki tatu nzima, nikala na kulala. Jana nilimkuta amefungasha kanga zake, nikadhani anakuja kwako. Alisema anatafuta pa kwenda, popote pasipo na mtu anayemjua, kwa kuwa kwako amefukuzwa na kwangu anachoka kunitazama.

Basi nimemsihi aje kwako kwanza, amekubali: Jumamosi, barua hii ikiwa imeshamtangulia, atapanda basi la Musoma, kisha la Tarime. Anadhani sasa hivi naandika hesabu ya chanjo za watoto. Mpokee mwanao, dada. Asiombe msamaha kwa mtu yeyote, na usimguse shavu mpaka akuruhusu. Samli usimpake. Hasira zako zote zilete huku kwangu, nimekaa nazisubiri.

Nisalimie shemeji, nawe umsomee barua hii yote, usiruke mahali. Wasalimie wadogo mmoja mmoja. Ukinijibu nitashukuru, hata kama ni kwa maneno makali, na usiponijibu nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Mokami