Mihimili Chini ya Sakafu

Kwa Kaka yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe, wifi na watoto. Natumaini barua hii itawakuta salama, na kwamba lile jino lako limekwisha kung'olewa, ingawa nakujua, utakuwa bado unalibembeleza. Sisi huku tu wazima. Baba anatembea kwa mkongojo lakini mdomo haujapunguza mwendo. Nami sijambo, isipokuwa mikono inaniwasha usiku na mchana, na sababu yake ndiyo habari yenyewe.

Kaka, nimeifungua boti.

Najua umeshtuka. Miaka kumi na moja imelala nyuma ya nyumba, na miaka hiyo hiyo wewe na Baba hamjasemezana kwa ajili yake. Juzi juzi Baba alitaka kuwaita watu waikatekate waitupe. Nikamwomba aniachie niitengeneze. Akaniuliza fundi cherehani na boti wapi na wapi. Nilidhani tu kwamba ikielea tena, huenda na ninyi wawili mkazungumza kabla Baba hajafumba macho.

Nilimpata fundi wa boti za faiba tunayemwita Miwani, maana huvaa mbili kwa pamoja, moja ya kusomea na moja ya kuzuia vumbi. Alikubali kunielekeza kwa sharti kwamba kazi niifanye mimi, yeye akae kitini. Siku ya kwanza nilishika grainda nikate sakafu moja kwa moja, akanizuia. Alisema kwanza boti iegemezwe kila upande kwa magogo na kabari, maana ukiitoa mihimili hivi hivi ganda la boti linalegea na kupoteza umbo, na ukiweka mbao mpya utakuwa umeufungia upogo humo milele. Mihimili ni zile mbao ndefu zinazolala chini ya sakafu toka mbele hadi nyuma. Labda wewe uliijua. Mimi nimeikanyaga utoto wangu wote bila habari.

Nilipoondoa sakafu niliduwaa. Ganda lile lililobeba watu kumi na wawili na mizigo yao ni jembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Nililisukuma kwa kiganja, likabonyea. Nikamuuliza Miwani ni nini basi kilichotushikilia juu ya maji miaka yote hiyo, akanyoosha kidole kwenye mbao. Nikachomeka bisibisi kwenye mhimili wa kushoto, ikazama hadi mpini. Nilichochota humo kilikuwa cheusi na chepechepe kama majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa.

Tulitoa mmoja, tukaweka mpya, ndipo tukagusa wa pili. Kabla ya kukata mbao nilikata kadibodi kwanza, kama ninavyokata karatasi kabla ya kugusa kitambaa cha mteja, nikaipunguza kidogo kidogo mpaka ikakaa sawasawa na mbinuko wa ganda. Miwani alivua miwani moja akanisifu, mara ya kwanza na ya mwisho.

Lakini kilichonitoa machozi ni faiba yenyewe. Kaka, ni kitambaa. Miaka yote hii nashona, kumbe tulikuwa tunasafiri ndani ya kitambaa. Kinakuja kwenye jora, cheupe. Unakilaza juu ya mbao, unakipaka rezini, gundi nzito kama uji, kwa brashi, na weupe unapotea ukiangalia, hadi unaiona mbao kwa chini. Ukirudi baadaye ukigonga, kinalia ko. Kopo la kwanza nilizidisha dawa ya kugandisha, likachemka mkononi bila moto na kufuka moshi. Nililitupa nikatimua mbio, Baba akacheka hadi mkongojo ukamtoka. Lilipopoa nililipakata kwa muda mrefu. Dakika chache nyuma lilikuwa uji, sasa ni jiwe, na hakuna aliyelilazimisha. Nilijiona mdogo sana.

Sasa nifike kwenye jambo lililonishinda kukueleza kwa simu.

Siku tuliyotoa ule mhimili wa kushoto, Miwani aliukagua. Baba alikuwa amemweleza, kama anavyomweleza kila mtu, kwamba wewe uliigonga boti kwenye mwamba kwa kujionyesha, ukaivunja mgongo, kisha ukakana. Miwani akasema hapana. Alisema ganda kwa nje halina kovu hata moja la kugonga mwamba. Mbao ni kavu mbele na kavu nyuma. Imeoza katikati tu, kutoka juu kushuka chini, maana yake maji yaliingilia sakafuni, na mhimili ulipolegea ganda likapasuka lenyewe. Akanionyesha matundu manne ya skrubu, akauliza nani alitoboa. Nikasema sijui.

Nilitoboa mimi. Miaka michache kabla boti haijapasuka, marehemu Mama alikuwa amevimba miguu, nikataka awe na kiti chake botini, kisichoteleza. Baba alikuwa amekataza boti isitobolewe na mtu yeyote, nikatoboa sakafu akiwa hayupo. Hofu iliponipata nilikifungua kiti, nikaziba matundu kwa sabuni ya kufulia, nikatandika mkeka. Sabuni, Kaka. Boti ilipopasuka wewe ukiwa usukani, niliyakumbuka. Nikajiambia matundu madogo vile hayawezi. Ulipokuwa unafunga begi uondoke nyumbani nilikukunjia mashati, na sikusema kitu.

Kesho yake asubuhi nilimweleza Baba yote. Nilijiandaa kufokewa. Badala yake aliomba ile mbao iliyooza, akaiweka mapajani, akapitisha kidole kwenye tundu moja moja.

"Siku ile alisema nini?" akauliza.

Nikamjibu kwamba ulisema hukugonga kitu.

"Alisema mara ngapi?"

"Mara tatu, Baba."

Akaigeuza ile mbao upande wa pili. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mara tatu. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale."

Kaka, msamaha siuombi kwenye karatasi, nitakuja kuuomba mbele yako. Nakuomba tu uisome barua hii mara ya pili kabla hujaichana.

Wasalimie sana wifi na watoto. Salamu za Baba sikuziandika. Nilimuuliza nikuandikie nini, akasema za kwake si za kutumwa. Tangu alfajiri amevaa viatu vya safari, na hii ni mara ya nne ananiuliza basi la kuja kwenu linaondoka saa ngapi.

Mimi mdogo wako,
Uzi