Mkono Uliofika Sikioni

Mjukuu wangu Neema,

Hatujambo hapa Stockholm. Bibi yako anakusalimu huku akilalamikia baridi. Unauliza kwa nini mimi, mhandisi wa madaraja, nilikataliwa kuhamia kwenu Australia. Mama, hata mimi sielewi. Uzoefu wa kazi ulinipa pointi za viza, umri ukaninyima, na vyote viwili ni miaka ile ile!

Utotoni nilikuwa na mikono mirefu. Mwalimu alipitisha mmoja juu ya kichwa changu, ukagusa sikio la upande wa pili, basi akasema nimefikia umri wa shule, akaniandika mkubwa kuliko nilivyokuwa. Nyumbani walishangilia.

Leo asubuhi nimejaribu tena mbele ya kioo. Mkono bado unafika. Huko kwenu wanashika wapi kujua mtu amezeeka?

Babu yako, mtaa wa Bredäng, Stockholm