Medali ya Kumwokoa Tinker

London,
9 Novemba 1968

Dada yangu Enid,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji Clifford. Je, kifua chake kimetulia, au baridi ya huko imeanza tena kumkohoza? Mimi mwili hauna neno, ila chakula hakishuki tangu Lynette aondoke hapa kwangu. Nakuomba barua hii uisome peke yako, yeye akiwa shuleni.

Unajua ninaandika hadithi za wanyama katika Marigold, gazeti la katuni la wasichana. Ukiwaambia watu kazi hiyo wanatabasamu, wanadhani nashinda nikiandika habari za farasi wakirukaruka majanini. Laiti. Mnyama wa kwetu haruhusiwi raha. Farasi lazima aangukie mikononi mwa katili, punda lazima atwikwe mpaka magoti yakunjike, na mbwa lazima ashinde na njaa wiki hadi wiki, ila asife. Wasomaji wanakata kuponi ya ukurasa wa nyuma na kututumia jina la hadithi waliyoipenda, na hadithi isiyopata kuponi inafutwa hata kama haijafika mwisho. Mwaka huu inayoongoza ni yangu, ile ya Bracken, mbwa anayefungiwa ghalani na mjomba wa msichana yatima. Mchoraji wetu yuko Hispania, anachora yale tu ninayomwandikia pembeni, na mhariri wetu, Bwana Pettifer, ameniamuru niandike kila wiki kwamba mbavu zionekane. Kuna wiki mbavu hazikuonekana vizuri, kuponi zikapungua. Akatoka ofisini mwake na sigara yake mdomoni akanipigia kelele, “Beryl bibie, mbona mbwa wako ananenepa? Unataka sisi tule nini?” Watu wakacheka. Nami nikacheka nao.

Kisha kuna hiyo medali. Msichana akimwokoa mnyama wa kweli, anatuandikia, tunamwita apigwe picha na kuvishwa kipande cha bati chenye utepe. Jina la Lynette lilipofika mezani kwetu nilitamba nalo ofisi nzima kwamba huyo ni binti wa dada yangu. Habari yenyewe ilikuwa ile unayoijua wewe na mtaa wako wote. Mzee Garside alipelekwa hospitali na mapafu yake yaliyojaa vumbi la kiwanda, mbwa wake Tinker akabaki amefungiwa katika kibanda cha bustani, na Lynette ndiye aliyemkuta, ngozi na mifupa. Bwana wa chama cha kutetea wanyama akasema mzee hafai kukaa na mnyama, Tinker akakabidhiwa Lynette. Uliniandikia wewe mwenyewe kwamba siku hizi watu wanavuka barabara ili wasimsalimie Mzee Garside, na kwamba amejitakia.

Basi Lynette akaja, akapigwa picha, akalala kwangu. Siku hiyo baada ya picha nilimnunulia samaki na chipsi. Alikuwa amechangamka, medali kifuani, anamwagia chipsi siki na kupiga domo. Akaniambia, “Mama mdogo, hujaniuliza nilijuaje siku ya kumtoa!” Nikamuuliza kumtoa nani. Akasema, “Tinker, si nani! Nilikuwa namhesabu mbavu. Mbwa mnene nani atakupa medali?”

Nilidhani ananitania. Nikaanza kumdadisi taratibu, naye akamwaga yote bila kigugumizi wala haya. Mzee Garside alimpa ufunguo kwa mkono wake mwenyewe, wakati anapandishwa gari la wagonjwa, akamwomba amlishe mbwa wake mpaka arudi. Mwanzoni alimlisha. Halafu likatoka gazeti lenye picha ya Bracken akiwa ghalani, akaona kwamba mbwa anaye, kibanda kipo, kilichopungua ni njaa tu. Akamhamishia kibandani. Akitoka shule alikuwa anapitia kule na gazeti letu ndani ya mkoba, anafungua mlango kidogo, anamlinganisha Tinker na picha, kisha anafunga. Aliniambia kwamba siku za kwanza Tinker alikuwa anabweka sana, ila baadaye akatulia akawa anatikisa mkia tu, na hilo lilimfurahisha kwa sababu Bracken naye anatikisa mkia. Nikaondoka mezani nikaenda kutapika. Niliporudi alikuwa amemaliza za kwake, anakula zangu.

Usidhani anamchukia mbwa yule. Anampenda, Enid. Analala naye, anamchana manyoya, alilia machozi ya kweli siku anamtoa pale kibandani. Hicho ndicho kinachonitia kinyaa kupita yote. Anapenda wanyama vile vile tunavyowafundisha wasomaji kila Jumatano gazeti linapotoka, kwamba kwanza wateseke vizuri, kisha sisi tulie.

Asubuhi, baada ya kumpandisha treni, nilikwenda kwa Bwana Pettifer nikamweleza kila kitu, nikamwomba ile picha isitoke. Akasema ukurasa umeshakwenda mitamboni, tena mtoto ana uso wa malaika, haiwezekani kuutupa. Nikamwambia kuna mzee anayetengwa na mtaa mzima kwa kosa ambalo si lake. Akazima sigara yake, nami nikadhani limemwingia. Kumbe anawaza mengine. Akagonga meza na kusema, “Lakini hiyo ni hadithi, Beryl! Msichana anamtesa mbwa ili aje amwokoe. Nipe sura ya kwanza Ijumaa.” Mate yalikuwa yamemjaa pembeni mwa mdomo, kama mtu aliyenusa nyama inachomwa. Nikamwambia akaiandike mwenyewe. Sijaacha kazi, usije ukanisifu bure, maana nina pango la kulipa kama kila mtu. Ila nilimwandikia mchoraji kwamba wiki hii Bracken ametoroka na ameshiba, achore tumbo. Kuponi zikishuka na zishuke.

Sasa niseme lile ninaloona uzito kulisema. Jumapili iliyopita nilikuwa mtaani kwenu. Nilipita mbele ya mlango wako, nikamwona Tinker dirishani juu ya ule mto wako wa maua, na sikugonga. Niliogopa nikiingia nitatukana mbele ya mtoto. Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Garside.

Alifungua mlango kidogo tu, akidhani nimetoka gazetini kuja kumchimba. Akanikaribisha ndani kwa unyonge, nyumba haina moto, vitu viko kwenye maboksi. Anahamia nyumba ya wazee, dada. Amekubali mwenyewe, na nyumba ameshairudisha kwa wenyewe. Aliniambia alikuwa na hakika kwamba alimpa mtu ufunguo, tena anakumbuka kabisa ule mkono mdogo ukipokea, lakini kila aliyemuuliza alisema hapana, kwa hiyo ameona kwamba ilikuwa homa. Akasema, “Mtu anayeweza kumsahau Tinker, binti yangu, kesho ataacha gesi wazi aue watu. Bora nikae mahali pa kuangaliwa.”

Nikamwambia kwamba hakusahau. Nikamwambia mkono ule ulikuwa wa nani, na mengine yote ya kibandani. Nilikuwa tayari kutukanwa, hata kupigwa na ile fimbo yake. Hakupaza sauti. Alirudiarudia tu, “Kumbe sikusahau. Kumbe sikusahau,” anajipiga goti polepole, na machozi yanamchuruzika bila yeye kuyajali. Baadaye akaniuliza kama mle ndani Tinker alikuwa anapewa maji.

Na hapo, Enid, niligeuka nikatazama maboksi, kwa sababu hilo pia Lynette alikuwa ameshaniambia. Aliniambia kwamba siku moja ulimfuata nyuma mpaka bustanini, ukachungulia ukamwona mbwa chini, ukaurudisha mlango na kumwambia, “Angalau mpe maji, asije akatufia.” Na bwana wa wanyama alipokuja kuuliza mlangoni kwako kama kuna mtu wa nyumbani mwako aliyeachiwa ufunguo na Mzee Garside, ni wewe uliyemjibu kwamba hakuna. Nimejaribu sana kuamini kwamba mtoto amezua. Lakini “asije akatufia” ni maneno yako, nimekuwa nikiyasikia tangu tukilala kitanda kimoja. Lynette ni mtoto, na kichwa chake nimekijaza uchafu mimi na wenzangu. Wewe umejazwa na nani? Mtu mzima, unampita mzee wa watu barabarani kila siku, unamwona anajiona mwendawazimu, unanunua stempu kuniandikia mimi kwamba amejitakia! Nimekuonea kinyaa, dada. Sijui neno jingine la kukipamba.

Nilimjibu Mzee Garside kwamba ndiyo, maji alipewa. Akashukuru Mungu. Hakuuliza ni nani aliyesema apewe, nami sikumwambia.

Jumamosi ijayo asubuhi atakuja mlangoni kwako kumchukua mbwa wake. Ameniandikia kwamba nyumba yake ameshaomba arudishiwe, na wenyewe wamekubali. Nataka Lynette ndiye amfungulie, kamba ya Tinker ikiwa mkononi mwake, amwambie mzee kwa kinywa chake alichofanya. Wewe usijifiche jikoni. Simama nyuma yake. Habari ya maji nimekuachia wewe uiseme.

Nisalimie shemeji. Lynette naye msalimie, mwambie bado ni mtoto wetu na nitakuja kumwona. Wewe salamu zako za kuagana ninazo hapa, nitakuletea nikishasikia umemwambia nini Mzee Garside.

Ni mimi mdogo wako,
Beryl