Mstari Nilioongeza Mwezi wa Tano

Jumamosi, 7 Juni

Siku ya kumi. Nimemulika mayai yote kwa tochi, moja baada ya jingine. Mishipa imeonekana, myekundu, myembamba kama mizizi ya kitunguu. Manne tu hayana kitu. Kila yai lina jina la mwenyewe kwa penseli: Mama Shiku, Mama Baraka, na wengine. Ni mayai ya kikundi cha kina mama wa kanisa la Tata Nyambura, dada mkubwa wa Mama. Wao wamemwamini Tata. Tata ameiamini mashine.

Mashine hiyo ya kuangulia vifaranga ni ya Ndung'u, kaka yangu. Sanduku la mbao, taa za joto, feni, na kompyuta ndogo inayoweza kuenea kwenye pakiti ya majani chai. Programu yake aliiandika akiwa kwenye kiti cha kusafishwa damu, pale Thika, mara mbili kwa wiki. Laptop mapajani, mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa na sindano. Alikufa wiki ya Pasaka.

Tata ananiita fundi. Naona aibu. Nimerudi nyumbani Ruiru na vumbi la Gatuanyaga, kwa Tata, hadi kwenye nyusi.

Jumapili, 8 Juni

Saa moja jioni simu ya Ndung'u imelia tukila. Mama huichaji kila siku, iko juu ya kabati la vyombo. Hajui namba ya kuifungua. Ikilia, anaacha kijiko.

Ni mashine inamwandikia Ndung'u. Mimi niliifundisha mwezi wa tano. Kila jioni, kabla ya kuanza kazi ya usiku, imtumie ujumbe: "Naanza zamu." Isubiri ufike, ndipo iendelee. Mstari mmoja tu. Sijamwambia mtu. Ikilia naona kama bado yuko kazini.

Jumatano, 11 Juni

Jaribio la Kemia. Sikulipenda. Baridi ya kukata vidole.

Mwalimu Barasa wa kompyuta ameniuliza kama nitajiunga na klabu yake. Nimesema nitafikiria. Sitajiunga. Huko lazima mtu asimame mbele aongee.

Ijumaa, 13 Juni

Mayai yamekufa.

Tata amepiga simu kabla ya chai. Ameamka akakuta sanduku baridi kama kaburi, hilo ndilo neno alilotumia. Joto lilikatika jana jioni. Zikatokea kelele nyingine kwenye simu, sijui kama alikuwa analia au ni kuku.

Shuleni sikusikia kitu.

Jumamosi, 14 Juni

Tata amekuja mwenyewe. Ameyamulika mayai ya watu asubuhi, yote, hakuna linalosogea. Ameleta kompyuta ile kwenye karatasi ya mkate, akaiweka mezani kama kitu kilichooza.

"Mama Ndung'u, si mniambie ukweli. Huyo kijana alikuwa mgonjwa. Labda hii kitu aliimaliza vibaya na hakuna mtu alisema."

Mama amesema mtoto wake hajamaliza hata miezi miwili kwa mchanga.

"Najua. Na nilimlilia. Lakini hao wamama hawakumlilia, walileta mayai. Nitawaambia nini? Eti kompyuta ilisinzia?"

Kikundi kinakutana Jumapili ya mwisho wa mwezi. Tata atasimama aseme kwamba mashine ya Ndung'u ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Jambo litaandikwa kwenye kitabu cha kikundi. Ndivyo Ndung'u atakavyokumbukwa kule: aliyeua mayai ya watu.

Mama ametoka nje akajifanya anaanua nguo. Hakukuwa na nguo kwenye kamba.

Haikuwa mbovu. Najua. Lakini kujua si ushahidi.

Jumatatu, 16 Juni

Nimempelekea Mwalimu Barasa kompyuta wakati wa chakula cha mchana. Nilisimama mlangoni muda mrefu hadi akaniita.

Programu ikianguka huacha faili lenye kila kitu kilichokuwa kwenye kumbukumbu yake sekunde ile. Mafaili ya usiku wa Alhamisi yako sitini na sita. Yaani ilianguka na kuinuka mara sitini na sita.

Mwalimu amefungua moja kwa kitatuzi, programu ya kuchunguza programu nyingine. Ameomba nyayo. Ndung'u aliziita hivyo pia: orodha ya nani alimwita nani, hadi hatua ya mwisho. Nyayo zimeishia kwenye kazi inayoitwa mlinzi. Kazi ya mlinzi ni moja. Programu ikinyamaza dakika kumi, anaiua ili ianze upya.

"Pole, Wangari. Lakini jionee mwenyewe. Huyu mlinzi ndiye ameipiga risasi. Ni wa nani?"

Nimesema ni wa Ndung'u.

Amenipa soda yake. Sikuinywa. Nimekasirika na kila mtu, hata na Ndung'u.

Jumanne, 17 Juni

Nimetoa daftari lake chini ya godoro langu. Sijalifungua tangu mazishi. Mwandiko unapanda kulia, wa mtu anayeandika kwa mkono mmoja huku karatasi ikiteleza.

Ameandika: "Mlinzi huua kilichokwama. Usimlaumu mlinzi. Tafuta kilichokikwamisha."

Na chini yake: "Korutini inayosubiri haimo kwenye nyayo. Iko kwenye lundo la kumbukumbu, imebeba mahali ilipoachia. Anza na ya ndani kabisa. Uliza nani anaisubiri. Panda hivyo hivyo."

Nimesoma mara nne. Korutini ni kazi inayoweza kusimama katikati, ikasubiri kitu, kisha ikaendelea pale pale. Mwishowe nimeelewa kwa mfano wa shule. Mwalimu wa zamu akiita majina, anaona waliomo darasani tu. Aliyetumwa kuleta chaki hayumo kwenye hesabu. Hajatoroka. Ameenda, na darasa zima linamngoja.

Jana tuliita majina tu. Hatukumtafuta wa chaki.

Jumatano, 18 Juni

Leo vifaranga wangetoka.

Alhamisi, 19 Juni

Siku mbili za chakula cha mchana. Mwalimu amekaa nami zote mbili, akila ugali wake juu ya kibodi.

Ndung'u aliweka orodha ya korutini zote zilizo hai. Ukijua inapoanzia, unaifuata kwenye lile faili, moja hadi nyingine. Kila moja ina anwani ndefu ya tarakimu na herufi, na anwani hiyo kitatuzi kinaigeuza kuwa jina na namba ya mstari. Macho yaliniuma. Nilikosea mara mbili nikafuata anwani ya kitu kingine kabisa, Mwalimu akasema tumeingia kwa jirani.

Kisha zikajipanga.

Zamu ya usiku inasubiri. Inasubiri nini? Inasubiri kutuma ujumbe. Kutuma ujumbe kunasubiri nini? Jibu kwamba ujumbe umefika. Imesimama mstari wa 212.

"Nani ameandika hapa? Huu si mkono wa yule mwingine. Hakuna hata muda wa mwisho, inangoja tu mpaka Yesu arudi."

Nimesema ni mimi. Hakunisikia. Nimerudia.

Tumefungua faili la pili, la tano, la sitini na sita. Yote ni 212. Mlinzi wake aliiamsha usiku kucha, na kila mara ilitembea moja kwa moja ikaenda kusimama kwenye mstari wangu. Taa hazikuwahi kufikiwa.

Mwalimu amesema hata yeye amewahi kufanya hivyo, na watu wazima kwenye makampuni hufanya hivyo. Amesema kwa upole. Nimetamani anipigie kelele.

Mimi ndiye niliyeua mayai.

Ijumaa, 20 Juni

Limebaki swali. Ujumbe ulifika kila jioni kwa wiki nne. Kwa nini haukufika ile Alhamisi? Simu haijalia tangu siku hiyo. Nilidhani ni kwa sababu mashine imekufa. Nilikuwa nimelishika jambo kinyumenyume.

Nimepanda kiti nikaichukua juu ya kabati. Imezimwa.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Nimeizima Alhamisi ile nyingine. Kila saa moja inalia, na mimi kila saa moja nafikiri ni yeye anasema amechelewa. Nikasema leo nimuache apumzike."

Nimeirudisha. Nimesema sawa, Mama. Nimeenda chooni nikafungua mfereji ili nisisikike.

Hajui. Hawezi kujua. Alichoka kungoja, akabonyeza kitufe kimoja. Aliyefunga maisha ya mayai kwenye kitufe hicho ni mimi.

Jumamosi, 21 Juni

Nilipaswa kwenda Gatuanyaga. Nimesema tumbo linaniuma. Mama amenipikia uji.

Mimi ni mwoga. Jina la Ndung'u linangoja na mimi nakunywa uji.

Jumatano, 25 Juni

Nimejaribu kuandika barua kwa Tata. Nzuri sana. Aya tatu, lugha safi. Nimeichana. Ilikuwa inaeleza korutini ili isieleze mimi.

Jumamosi, 28 Juni

Nimeenda.

Tata alikuwa anawakatia kuku sukuma wiki. Alinisalimia kwa ubaridi. Nilikuwa nimejipangia maneno tangu njiani, pale Witeithie, yote yakaniponyoka. Nimesema tu: Tata, si Ndung'u. Ni mimi. Nimemweleza mstari. Nimemweleza ujumbe ulikuwa unaenda wapi.

Ameweka kisu chini.

"Wangari. Ulikuwa unamwandikia mtu amekufa?"

"Ndiyo, Tata."

"Na alikuwa anakujibu?"

"Hapana. Lakini ulikuwa unafika."

Kuku wamekula sukuma yote miguuni pake naye hakuwafukuza. Kisha ameuliza kwa nini siku hiyo haukufika. Nimesema simu iliisha chaji. Huo ni uongo. Nauandika hapa ili niujue.

"Mimi nimemsema vibaya huyo mtoto kwa watu watatu tayari," amesema. Alikuwa anajiambia mwenyewe. Halafu kwangu: "Kesho utakuja useme wewe. Si mimi. Wewe ndiye unajua hiyo maneno."

Nimesema siwezi kuongea mbele ya watu.

"Basi ongea ukiangalia mimi."

Jumapili, 29 Juni

Kina mama kumi na mmoja, viti vya plastiki, nyuma ya kanisa. Nilishika mgongo wa kiti cha mtu. Nilimwangalia Tata.

Nimesema sentensi nne. Kaka yangu alitengeneza mashine vizuri. Mimi nikaongeza kitu bila kumuuliza mtu. Hicho ndicho kilizuia taa. Nisameheni.

Mama Baraka akasema yake yalikuwa ya jogoo wa kienyeji wa ukweli, shingo uchi, sasa atampata wapi mwingine. Mwenzake akamwambia jogoo si bado yupo, ama naye alikuwa ndani ya sanduku? Wamecheka kidogo. Mimi sikuweza. Mama Shiku hakucheka pia. Amesema mimi ni mtoto wa shule na sikupaswa kuachiwa kitu cha watu wazima, na hilo alimwambia Tata usoni. Tata amekubali.

Kisha Tata amesimama. Ameomba katibu aandike kwamba Ndung'u hana makosa. Katibu ameuliza aandike "hana makosa" ama "hakuwa na makosa". Tata amesema, andika hana.

Nimeiona ikiandikwa, kwa kalamu ya bluu.

Nilifikiri nitajisikia mwepesi. Sijajisikia mwepesi. Jina limesafishwa na kitanda chake bado ni kitupu. Sijui nilitarajia nini.

Ijumaa, 4 Julai

Nimefuta mstari wa 212. Mwalimu Barasa ameangalia nikifuta. Programu imekuwa kama Ndung'u alivyoiacha.



Jumapili, 6 Julai

Manyunyu tangu asubuhi. Hatukutoka baada ya kanisa. Tata amempigia Mama simu wakaongea muda mrefu kwa Kikuyu, Mama akiwa amegeukia dirisha.

Alipomaliza, amekuja akaketi kando yangu.

"Simu haikuisha chaji," amesema.

Nimesema, "Hapana, Mama."

Ametikisa kichwa polepole. Ameshika goti langu, akaliachia. Hakuna aliyelia. Nilidhani tutalia.

Baadaye ameuliza jambo ambalo hakuwahi kuuliza. Ndung'u alikuwa anafanya nini hasa, saa zote zile kwenye kile kiti? Alikuwa anamwona akiandika tu, akaogopa kumsumbua.

Nimefungua laptop nikamsomea programu kutoka juu. Mstari, kisha maana yake kwa Kiswahili. Hapa anapima joto. Hapa anauliza tena, kwa sababu haamini kipimo kimoja. Mama amesema alikuwa hivyo hata akiwa mdogo, alikuwa anauliza bei kwa maduka mawili. Hapa anageuza mayai, taratibu. Mama amesema, taratibu, ee.

Tumefika karibu mstari wa themanini. Hajaniambia niache. Nimegundua kwamba amesinzia, kichwa kimeegemea ukuta, miwani imeshuka puani. Nimemvua miwani. Nimeendelea kusoma kwa sauti ya chini hadi mwisho wa ukurasa.